Chini ya Sakafu ya Bi Darlene

Wahenga walisema maneno mazuri humtoa nyoka pangoni, na tangu waseme hivyo kila mtu ameyaelewa maneno yao kwa namna inayomfaa mwenyewe. Mchuuzi huyatumia kumpaka mteja mafuta kwa mgongo wa chupa. Mposaji humwahidi binti wa watu mbingu na nyota zake. Wote hao hudhani kwamba maneno mazuri ni maneno matamu. Lakini nyoka naye si mjinga. Aliyedanganywa kwa utamu jana, leo hujikunja zaidi ndani ya pango lake. Bi Darlene Hutchins, wa mji wa Tillman katika jimbo la Oregon, Marekani, alilijua hilo Jumamosi moja ya Novemba, mchana, mvua ikinyesha.

Bi Darlene alikuwa mpishi wa shule ya msingi, mjane mwenye mwana mmoja tu aliyeitwa Wade. Wade alikuwa fundi wa kuezeka mapaa, kijana wa miraba minne, na alipokuwa mzima alikuwa mcheshi wa kuvunja mbavu. Lakini kulikuwa na sauti alizozisikia yeye ambazo wengine hawakuzisikia. Alipomeza dawa zake, sauti hizo zilinong'ona kwa mbali. Alipoziacha dawa, sauti zilimtawala. Msimu huo aliziacha, akisema zinamfanya asinzie juu ya paa, na kwa kweli hapo alikuwa na hoja, maana anayesinzia juu ya paa huamkia chini.

Jumamosi hiyo sauti zilimwambia kwamba kuna watu wanachimba njia chini ya barabara. Wade akachukua nyundo yake ya kuezekea, akafungua kilango kilichoko ubavuni mwa nyumba, akatambaa hadi kwenye uwazi ulio chini ya sakafu. Nyumba nyingi za Tillman zina uwazi wa namna hiyo, mahali pa mabomba na panya, ambapo mtu mzima hawezi hata kukaa kitako. Mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima na maji ya baridi yalikuwa yameanza kutuama humo. Bi Darlene, akiwa jikoni, alimsikia mwanawe chini ya miguu yake, akigonga nguzo na kuwafokea maadui wasioonekana. Kadiri muda ulivyopita, sauti ya Wade ilizidi kutetemeka kwa baridi. Mama akaona mwana atamfia chini ya sakafu ya jiko lake, akashika simu.

Aprili iliyopita alikuwa amepiga nambari ya dharura na kusema kweli tupu: mwanangu anaumwa akili, naomba msaada. Polisi walichelewa sana, na walipofika, Wade alikuwa keshafika barabara kuu, peku, akiyasimamisha malori kwa mkono. Bi Darlene mwenyewe ndiye aliyemwita siku ile: njoo nyumbani, baba, hakuna polisi, nimekuokea pai ya matunda ya beri nyeusi. Wade akamwamini mama yake. Alipogeuka tu, aliangushwa kifudifudi kwenye lami na goti la polisi likamkalia mgongoni. Pai haikuwepo.

Baada ya hapo shoga yake wa kanisani, Bi Peggy, alimpa ushauri wa bure, na ushauri wa bure mara nyingi ndio wa ghali. "Shoga yangu, ukiwaambia anaumwa, watamaliza kahawa yao kwanza. Sema ana bunduki. Utaona watakavyopaa!"

"Ana bunduki," Bi Darlene akasema kwenye simu. "Njooni haraka."

Maskini, hakujua kwamba mambo yalikuwa yamebadilika. Tangu kiangazi, mji ulikuwa na gari jeupe lililobeba mshauri wa afya ya akili na tabibu wa dharura, nalo lilitumwa pamoja na polisi kila penye mtu aliyezidiwa na mawazo yake. Polisi wenyewe waliwaita wale watu kwa kejeli "kikosi cha blanketi", kwa kuwa walibeba mablanketi badala ya bunduki. Utaratibu ulikuwa hivi: simu ikisema mgonjwa, gari jeupe hutangulia na polisi husimama nyuma. Simu ikisema bunduki, polisi hutangulia na silaha zao, na gari jeupe hungoja kwenye kona. Kwa neno moja Bi Darlene alikuwa ameupindua utaratibu uliowekwa kwa ajili ya watu kama mwanawe.

Polisi walipaa kweli. Magari yaliujaza mtaa, taa zikizunguka na kumulika madirisha ya majirani. Bi Darlene alitolewa nje na kusimamishwa nyuma ya gari. Polisi vijana waliegemeza bunduki juu ya boneti, midomo ya bunduki ikielekea kwenye kile kilango.

"Wade Hutchins!" kipaza sauti kikanguruma. "Toka nje! Mikono ionekane!"

Hapo ndipo Bi Darlene alipokiona alichokifanya. Mwanawe akichomoza na nyundo mkononi kutoka kwenye giza lile, nani atauliza kama ni nyundo? Akafanya alichokizoea.

"Wade, baba! Toka, mwanangu! Hakuna mtu hapa! Nimekuokea pai!"

"Hakuna mtu?" Wade akajibu kutoka chini. "Na huyo anayebweka ni nani? Pai? Muongo wewe, mama! Ulisema hivyo hivyo kule barabarani!" Akaipiga nguzo kwa nguvu hata vioo vya jikoni vikatikisika.

"Sajini, ana kitu mkononi!" polisi mmoja akapiga kelele. "Kirefu! Nakiona!"

Sajini Pruitt, pande la mtu lililojaza koti lake la mvua, aliinua mkono kumzuia kijana wake. Papo hapo mwanamke mfupi wa makamo, mwenye buti za shambani, akatokea nyuma yake. Alikuwa Joleen Stroud, mshauri wa lile gari jeupe.

"Stroud, nilikwambia ungoje kwenye kona," Sajini akasema bila kugeuka. "Hapa pana bunduki, na blanketi lako halizuii risasi."

"Najua. Nina swali moja tu kwa mama, halafu unirudishe." Akamgeukia Bi Darlene na kumtazama usoni. "Bi Darlene, hiyo bunduki, umeiona kwa macho yako?"

Kuidanganya nambari ya dharura ni kosa la kisheria, na shule haiajiri wahalifu jikoni. Kazi ile ndiyo iliyowalisha yeye na Wade. Lakini akaitazama tena midomo ya bunduki, akaona kwamba akinyamaza, hatakuwa na wa kumlisha.

"Hakuna bunduki," akasema. "Hajawahi kuwa nayo. Ni nyundo yake ya kazi. Nilisema vile ili mje upesi."

Sajini Pruitt akabadilika rangi. "Mama! Unajua vidole vya vijana wangu viko wapi sasa hivi?"

"Najua. Ndiyo maana nasema." Akanyoosha mikono yake yote miwili ili afungwe pingu.

Sajini aliitazama mikono ile iliyochubuka kwa kusugua masufuria ya shule. "Teremsha mikono, mama. Hilo lina siku yake." Kisha akageuka na sauti yake ikasikika mtaa mzima. "Teremsheni bunduki! Zimeni taa! Na hicho kipaza sauti nisikisikie tena!" Mtaa ukanyamaza, ikabaki mvua. Yeye mwenyewe hakuondoka, kwa sababu nyundo nayo ni nyundo.

Joleen akakiendea kilango kwa upande, taratibu, mikono ikionekana. Karibu na hapo akapiga magoti, kisha akalala kifudifudi kwenye matope, kidevu chake kikawa usawa mmoja na giza la chini ya sakafu. Bi Darlene hakuwahi kuona mtu wa serikali akilala chini kwa ajili ya mtu wa kwao.

"Wade, mimi naitwa Joleen. Si polisi, ila nafanya kazi nao. Niko hapa nje kwenye matope, na nitakwambia kweli hata pale usipoipenda."

"Polisi wapo?" Wade akauliza.

"Wapo. Mmoja yuko karibu nami, wengine wako nyuma ya magari."

"Wana bunduki?"

"Wanazo. Wameziteremsha sasa hivi."

Bi Darlene akauziba mdomo wake kwa mkono. Mwanamke huyu ana wazimu gani, kumwambia mgonjwa maneno kama hayo! Akangoja nyundo ilie. Haikulia.

"Yule aliyenikalia mgongoni, yupo?"

Joleen hakulijua hilo. Akageuza kichwa. "Sajini, ni nani?"

Maji yalikuwa yakichuruzika kwenye ukingo wa kofia ya Pruitt. Angeweza kusema hayupo, na hakuna ambaye angembishia. "Mwambie ni mimi," akasema.

"Yupo, Wade. Ni Sajini Pruitt. Yuko nyuma yangu kidogo."

Kutoka chini ya sakafu sauti ikasema, "Mwambie ni mzito kama friji."

Polisi mmoja kijana alicheka akajing'ata ulimi. Sajini hakucheka. Lile pande la mtu lilipiga magoti, likakaa kitako kwenye matope pamoja na mshipi wake wote wa silaha. "Ni kweli, Wade. Siku ile ulisema hupumui vizuri, nikadhani unanizuga. Nilikosea."

Vijana wake wakatazamana. Hawakuwahi kulisikia neno lile kutoka kinywani mwake.

"Wanachimba," Wade akasema, safari hii kwa sauti ya chini. "Joleen, unawasikia?"

"Mimi siwasikii, sitakudanganya. Lakini najua wewe unawasikia, na nahisi wanakuchosha."

"Wanamtaka mama."

"Kwa hiyo umekaa kwenye maji ya baridi saa zote hizi kumlinda mama yako?"

"Sasa nani amlinde? Pai?"

Bi Darlene akapigwa na butwaa. Miaka yote ile alikuwa akimwogopea mwanawe, akimvizia, akimdanganya, na hata siku moja hakumuuliza anagombana na nani kule anakokwenda. Kumbe alikuwa akimpigania yeye. Machozi yakamtoka pamoja na mvua.

"Nikitoka, mtanipeleka hospitali?" Wade akauliza.

"Ningependa twende. Kwa gari letu, umekaa kwenye kiti, na mimi kando yako."

"Na pingu?"

"Hilo si langu kuahidi. Ngoja nimuulize."

"Nyundo ikibaki humo ndani," Sajini akasema, "pingu zitabaki kiunoni mwangu."

"Umesikia, Wade? Usiirushe nje. Iache hukohuko."

"Chakula cha hospitali kibaya."

"Kibaya sana. Hata hapo sikudanganyi."

Maji yalisikika yakichezacheza kwenye nguzo. "Mama anasemaje?" Wade akauliza.

Joleen akageuka akamtazama Bi Darlene, asimnong'oneze hata neno la kusema. Bi Darlene akaja, akiwa na aproni yake ya jikoni. Magoti yake yalikuwa na baridi yabisi, lakini akayakunja, akalala kwenye matope kando ya Joleen. Maneno matamu yakamjia mdomoni yenyewe, kama yalivyozoea. Akayameza.

"Wade," akasema, "niliwaambia una bunduki. Nilidanganya. Wangekuua kwa sababu yangu. Na kule barabarani nilikudanganya pia, nikakutoa kwa polisi kwa mkono wangu."

Bi Darlene akajivuta karibu zaidi na kilango.

"Na leo sijaoka kitu."

"Hata kidogo?"

"Hata unga sijaushika, mwanangu. Jiko limepoa."

Kitu kizito kikalazwa taratibu juu ya tofali, kule ndani. Kikaja kishindo cha mtu anayetambaa kwenye maji, na hakuna polisi aliyegusa silaha. Kwanza ilichomoza mikono, mitupu, imejikunja kwa baridi. Kisha kichwa, kimejaa utando wa buibui. Wade Hutchins akajitoa chini ya nyumba ya mama yake, akaketi kwenye mvua, akawatazama watu wazima watatu waliochafuka matope mpaka kwenye nyusi.

"Leo nimekuamini," akamwambia mama yake. Kisha akaongeza, "Una tope puani."

Tabibu akaleta blanketi. Wade alikuwa akitetemeka sana, mkono wa tabibu peke yake haukutosha, na ni Sajini Pruitt aliyeshika upande wa pili na kulikaza mabegani mwake. Wade akapanda kwenye gari jeupe kwa miguu yake mwenyewe, Joleen akakaa kando yake kama alivyosema. Sajini alimfungulia Bi Darlene mlango wa mbele.

"Jumatatu utakuja kituoni, mama, tuandikishe lile la bunduki," akasema. "Nitakuwepo, nami nitaeleza jinsi ulivyosema kweli na wakati ulioisema. Na safari nyingine, kama ni nyundo, sema nyundo. Hawa wa blanketi watafika kabla yangu."

Bi Darlene alitikisa kichwa kukubali. Gari lilipoondoka alikitazama kile kilango kilichobaki wazi, na moyo wake ukajaa mshangao ambao hakuweza kumweleza hata Bi Peggy. Bunduki zote zile na kipaza sauti kile vilikuwa vimemsukuma Wade ndani zaidi, na pai ya uongo ndiyo iliyomkaza kabisa. Kilichomtoa ni kweli, iliyosemwa kwa upole na watu waliokubali kulala matopeni ili waiseme. Ama kweli, maneno mazuri humtoa nyoka pangoni.