Picha Isiyotundikika

Anayetaka kusikia asogee. Mwenye roho nyepesi akae karibu na mlango, kwa sababu hadithi hii inanuka.

Alikuwepo bibi mmoja kule milimani juu ya Muheza, kijiji cha Kwemchanga, jina lake Bi Saumu. Alilea wajukuu watatu, na kila mmoja alizaliwa na chake.

Mwantumu alizaliwa na macho. Si ya urembo, ingawa mwenyewe alidhani ni hayo. Macho ya kuujua mwanga. Aliweza kusimama jikoni na kusema, "Bibi, leo jua limechelewa kufika kwenye mtungi." Bi Saumu akamjibu, "Na wewe umechelewa kufika kisimani, na mtungi ni mtupu."

Sefu alizaliwa na utulivu. Tangu mdogo alitega ndege kwa ulimbo, akakaa asubuhi nzima bila kujikuna. Nzi alimtua puani, akatembea, akaondoka mwenyewe kwa kuchoka. Watu walisema kijana ana kipaji. Bi Saumu alisema ni uvivu uliofundwa adabu.

Kidawa alizaliwa na pua, na juu ya pua akaongezewa ukaidi. Aliyajua maziwa yatakayoganda kesho. Akishika harufu haiachi mpaka aione ilikotoka, hata kama ilikotoka hakufai kuonwa.

Basi shangazi yao, Zaina, ambaye ni mpiga picha za harusi kule Tanga, alinunua kamera kubwa, ile ndogo akaileta kijijini. Kamera nyeusi yenye lenzi ya kuchomoa, ya mtu anayeanza. Akaiweka mkekani mbele ya mama yake.

"Mama, wajifunze wote. Nikija Idi, atakayekuwa amepiga picha moja, moja tu ya kutundika ukutani, kamera ni yake na naondoka naye akafanye kazi kwangu. Mmoja. Chumba changu hakiingii wawili."

Hakuna aliyeuliza maana yake. Kwemchanga kijana hana kazi ila kuchuma machungwa ya watu, na machungwa yakiisha anangoja yachanue tena. Wajukuu wale walitazamana, na Bi Saumu akaona jicho la kila mmoja likimpima mwenzake kama kuku wanaotupiwa punje moja.

Wakaanza kujifunza. Lo! Afadhali nzige, nzige hushiba. Walipiga picha kopo la sukari, walipiga picha vidole vya miguu yao, walimpiga Bi Saumu akitafuna. Walimpiga ameinama anapuliza moto, wakamwonyesha kwenye kile kioo cha nyuma, na kilichoonekana si uso.

"Na hii mbona sina mkono?"

"Ni sanaa, bibi," alisema Mwantumu.

"Kumkata mtu mkono si sanaa. Ni ujambazi."

Mambo yakawa hivyo hadi maji yalipoanza kunuka.

Kwemchanga wananywa chemchemi ya Kizimba. Anayeikaribia huvua viatu, anayefua hushuka chini ya jiwe kubwa jeupe, na bibi harusi hatoi jasho jikoni kwa mumewe kabla hajateka maji ya pale. Ni mwiko wa wazee na hakuna aliyewahi kuuvunja. Siku hiyo Bi Saumu alichota kata moja, akanywa, akasimama. Akatema. Akatema tena. Ulimi ulikuwa umeshajua kabla kichwa hakijakubali.

Kidawa akaweka pua mbele, akapanda na korongo hadi barabara ya zamani, akavizia mpaka alfajiri, akarudi amekunja uso. "Ni gari la kunyonya vyoo, bibi. Kutoka mjini. Badala ya kwenda kumwaga wanakotakiwa, wanakuja hapa alfajiri, wanarudi kinyumenyume, wanatia mpira korongoni."

Bi Saumu alijaza ndoo maji yale yale, akajitwika, akaenda kuitua juu ya meza ya mwenyekiti wa kijiji.

"Bi Saumu! Hapa ni ofisini!"

"Najua. Kunywa."

Mwenyekiti akajifunika pua kwa leso. "Mama yangu, mwenye lile gari ni mtu mzito. Bila ushahidi haya ni maneno ya kisimani."

"Na hii si ushahidi?"

"Hiyo ni ndoo. Ndoo haisemi imejazwa na nani."

Njiani kurudi Bi Saumu alipita nyumba ambazo watoto walikuwa wanaharisha, mama zao wamekaa kizingitini hawana hata nguvu ya kumjibu salamu. Alipofika kwake aliwakuta wajukuu wanampiga picha paka.

"Mna dude linalokula sura yangu kutwa," aliwaambia. "Lipelekeni likale sura ya yule mshenzi na namba ya gari lake."

Unadhani walikwenda pamoja? Thubutu. Kila mmoja alitaka picha iwe yake peke yake.

Sefu alitangulia. Akalala kwenye majani juu ya barabara kama gogo. Gari likaja, mpira ukashushwa, Sefu akabonyeza. Lakini kamera aliiacha vile vile, lile gurudumu dogo la juu limeelekea pale inapojiamulia kila kitu. Na kamera hizi za wanaoanza zikiona giza haziulizi mtu: taa ikachomoza kichwani kama kilemba cha jogoo, ikawaka pwaa! Dereva akaruka, akatukana matusi ya nguoni, akaondoka mpira unaburuzwa unatapika njia nzima. Sefu akarudi nyumbani na picha nzuri sana ya jani.

Mwantumu alimcheka mpaka akakaa chini. Zamu yake alifika, akazungusha gurudumu hadi pale mtu anapochagua mwenyewe, akaikandamiza ile taa ilale, akaipanua jicho lenzi hadi mwisho, akakiacha kile kipazia cha ndani kikae wazi muda zaidi ili mwanga haba uingie polepole. Yote sawa. Lakini uvundo ulipompiga, mikono ikatetemeka. Na kipazia kikiwa wazi, mkono ukitetemeka, kila kitu hutetemeka. Rangi ya alfajiri ilitoka kama ilivyo, nyekundu na kijivu. Gari lilitoka kama uji unaokorogwa.

Kidawa hakuwacheka. Alisema wote wawili wamelala mahali pasafi, na mahali pasafi hapaonyeshi uchafu. Yeye akashuka korongoni kwenyewe, akasimama kwenye lile tope hadi kwenye mashavu ya miguu, likimpita lingali vuguvugu. Kutoka pale aliona vyote kwa mpigo: mdomo wa mpira, namba ya gari, uso wa dereva anayepiga miayo, na pembeni jiwe jeupe la Kizimba, ili asije mtu akasema hapa si Kwemchanga. Akabonyeza kwa moyo wake wote. Moyo haujui gurudumu. Picha ilitoka giza kama tako la sufuria.

Bi Saumu aliwapanga uani, akawatazama kama mtu anayetazama mboga zilizolala.

"Mmoja ana macho, mmoja ana mikono, mmoja ana pua. Nikiwaunganisha napata nusu ya mtu mwenye akili. Mtakwenda pamoja, na mimi nitakuwa nyuma yenu na fimbo."

"Lakini bibi," Sefu alisema, "kwa mwanga ule hata mimi siwezi kuishika isitikisike. Inataka kukalishwa kwenye kitu. Ile miguu mitatu ya shangazi hatuna."

Bi Saumu akanyoosha mkono ukutani akatungua kata yake. Si kata ya kuchotea. Ile ngata ya kichwani, pete ya majani makavu ya mgomba iliyozungushiwa kipande cha khanga, aliyojitwikia ndoo tangu uchumba wake.

"Iwekeni hii juu ya jiwe, dude likae ndani. Na ikirudi inanuka, nitaivalisha shingoni kwa mmoja wenu."

Alfajiri ikawakuta korongoni. Bi Saumu alijibanza kwenye majani, khanga puani, na bado aliionja ile harufu kooni. Gari likarudi kinyumenyume. Dereva akashuka, akakojoa kwanza, kana kwamba aliyoyaleta hayatoshi, kisha akatia mpira.

Kidawa akawashika wenzake mikono akawaingiza ndani ya mkondo. Mwantumu akageuza uso, akatapika kimya kimya begani kwake mwenyewe, akafuta mdomo, akaendelea kuzungusha gurudumu. "Taa imelala," alinong'ona. "Jicho liko wazi. Usipumue." Sefu akaweka ngata juu ya jiwe dogo la mkondoni, kamera ikakaa kama yai kwenye kiota, akaikaza lenzi kwenye namba ya gari. Tope likamrukia sikioni. Likateremka polepole, likaingia kwenye kola. Sefu hakutikisika. Pale ndipo Bi Saumu alipojua kwamba si uvivu, ingawa hakuja kumwambia.

Kach.

Picha ilikuwa safi, kama picha ya kitu kichafu inavyoweza kuwa safi. Namba inasomeka. Miayo inaonekana mpaka jino la dhahabu. Mpira unamwaga, jiwe la Kizimba limesimama pembeni kama shahidi. Ilipoonyeshwa mkutanoni, mwenyekiti alitafuta leso yake, na safari hii hakuna aliyemwachia nafasi ya kujifunika. Hazikupita siku nyingi, yule mtu mzito alileta vibarua wakachimba korongo, wakalisafisha, na barabara ya zamani ikazibwa kwa mawe. Dereva mwenyewe alikuwa kati ya wachimbaji. Bi Saumu alikwenda kumtazama, akamletea maji ya kunywa ya Kizimba. Hakuyanywa.

Hapo hadithi ingekwisha vizuri. Lakini Idi ilikaribia, na Zaina akafika.

Aliikuta picha, akaitazama muda mrefu. Akaichukua mjini akaisafisha kwa ukubwa wa sinia, akaitia fremu, akaipigilia sebuleni kwa mama yake siku ya Idi yenyewe. "Mama, nimepiga harusi maisha yangu yote sijapata picha kama hii. Nani kaipiga?"

"Mimi," alisema Mwantumu. "Mimi," alisema Sefu. "Mimi," alisema Kidawa.

"Wewe ulitapika tu," Sefu alimwambia Mwantumu.

"Nilitapika huku natengeneza mwanga! Bila mimi ungerudi na jani jingine. Picha ni mwanga, ndugu yangu. Kubonyeza hata mbuzi akikanyaga anabonyeza."

"Basi mbuzi wako angeruka tope lilipomwingia sikioni. Nani alishika? Kidole cha nani? Shangazi, picha ni ya aliyeipiga."

Kidawa akasimama. "Piga basi picha ya jikoni, uone kama itamtoa mtu barabarani. Mimi ndiye niliyejua pa kusimama. Nyinyi mlikuwa mmelala kwenye majani mabichi kama watalii. Niliwaingiza kwa mkono, kama vipofu."

"Iulize na ngata," Mwantumu akadakia, "huenda nayo inataka kwenda Tanga."

Wakarushiana maneno ya kukatana, maneno ambayo hata dereva yule hakuyatukana. Wageni wa Idi walikuwa wamekaa na sahani za pilau. Waliitazama picha ukutani, wakasikiliza ugomvi, wakasogeza sahani mbali. Bi Saumu alisikia kichefuchefu kile kile cha siku ile ya maji, na safari hii hakukuwa na gari la kulisingizia. Watoto walioingia kwenye mavi ya watu bega kwa bega wakatoka wasafi, wameketi sebuleni siku ya Idi, wamevaa mapya, wananuka.

Jirani mmoja akasema, kwa kutaka amani, "Lakini masharti yalikuwa picha ya kutundika. Hii nani ataivumilia ukutani kwake? Basi hakuna aliyeshinda."

Bi Saumu akainuka, akaigeuza fremu ikatazama ukuta. "Imetundikwa," alisema. "Haikusemwa itazame wapi."

"Mama," Zaina alisema, "mimi siwezi kuamua, nitaonekana nimependelea. Wewe ulikuwepo. Ulimwona kila mmoja. Asubuhi nakwenda."

Asubuhi ikafika. Mlangoni yalikaa mafurushi matatu, kila moja limefungwa kwa kukazwa, maana kila mmoja alikuwa na yakini. Wenyewe walisimama mbalimbali, hawasalimiani. Bi Saumu alikuwa kitini, kamera mapajani, ngata yake ukutani imefuliwa mara nyingi na bado haijaacha kunuka. Alimtazama mwenye macho. Akamtazama mwenye mikono. Akamtazama mwenye pua. Akafungua mdomo.

Haya, nyie mnaoziba pua hapo. Msiniambie wagawane, kamera si embe, huwezi kumpa huyu lenzi na yule tumbo. Msiniambie wapokezane, Tanga kuna kitanda kimoja. Wala msiniambie wote wanyimwe kwa midomo yao michafu, maana watoto wa Kwemchanga wanakunywa maji masafi leo, na hawakuyasafishiwa na midomo misafi. Bila mwanga, giza. Bila mkono, uji. Bila mahali, jani.

Wewe ungekuwa ndiye Bi Saumu, ungemwambia nani anyanyue furushi lake? Sema upesi. Gari la Tanga linapiga honi.