Mkono wa Nakijwa

Kushika sikio si kusikia. Ndiyo maneno mliyoyasikia leo mkutanoni, yule mama alipomkata kauli mwenyekiti. Watu wazima wakacheka, ninyi vijana mkabaki mnatazamana. Sasa mnauliza yametoka wapi. Hayakutoka mbali. Yalizaliwa uwanjani pa shule yetu hii hii, na chanzo chake ni hiki.

Palikuwa na mpasua mawe akiitwa Mrutu. Mkewe, Namkunda, alishikwa na uchungu wa kuzaa, na gari la wagonjwa halikuja kwa kuwa siku hiyo lilikuwa limekwenda kubeba viti vya mkutano wa wakubwa. Viti vilifika salama. Namkunda hakufika, wala kile kitoto kilichokuwa tumboni. Akabaki Mrutu na binti mmoja, Nakijwa, ambaye hata kutembea alikuwa bado hajakaza.

Mjane wa kiume hana wa kumwachia mtoto. Mrutu akambeba mwanawe mgongoni kama mama, akaenda naye korongoni kwenye mawe. Watu walicheka siku za mwanzo, kisha wakazoea.

Sasa pale korongoni wapasuaji hukaa mbalimbali, kila mtu na mwamba wake, na nyundo zikilia huwezi kumsikia mwenzako hata ukipasuka koo. Nakijwa alipopata miguu, akawa ndiye mjumbe wao. "Mwambie Kilave alete nyundo kubwa, asilete ile yenye mpini uliopasuka." Mtoto anakwenda, anarudi: "Kilave amesema hiyo iliyopasuka uliipasua wewe, na ukome kuazima vitu vya watu." Neno halipungui, neno halizidi. Wapasuaji wakawa wanataniana: ukimtukana Mrutu kupitia kwa Nakijwa, tusi linafika zima, halina hata mkwaruzo.

Baba mwenyewe ndiye aliyemfundisha. "Mimi nasema mara moja," alikuwa akimwambia. "Nikisema jiwe, usiulize jiwe lipi. Kimbia. Na ukitumwa, niletee jibu zima, usinimegee."

Lakini jiwe halina adabu. Siku moja kigae kiliruka kikamchana Nakijwa juu ya jicho. Mrutu alimfunga kwa kipande cha kanga ya marehemu, akajua kwamba siku nyingine kigae kitashuka kidogo tu, na mtoto atabaki na jicho moja, au asibaki.

Mwaka huo huo likaja tangazo. Watoto wote waliotimiza miaka saba waanze darasa la kwanza, na si kwenda saa mbili tatu na kurudi kama zamani, bali washinde shuleni mpaka alasiri. Wazazi watoe mahindi, watoto wapikiwe uji. Mrutu aliposikia alishukuru Mungu. Alikuwa wa kwanza kupeleka debe lake. Hata mawe ya msingi wa darasa jipya, kazi ya msaragambo, ile ya kijiji kizima isiyo na malipo, aliyapasua yeye zaidi ya mtu yeyote.

Ila huku milimani nani alikuwa na cheti cha kuzaliwa? Wakubwa wakatoa dawa yao: mtoto apitishe mkono juu ya kichwa, vidole vikigusa sikio la upande wa pili, huyo ametimiza miaka saba. Visipogusa, bado. Yaani mtu aliyesoma mpaka akavaa tai alikaa kitini akaona akili ya mtoto iko kwenye kwapa.

Nakijwa alikuwa na mikono mifupi. Ni ya mama yake. Namkunda naye alikuwa akipanda kigoda kuanika nguo.

"Haujafika," alisema Mwalimu Semboja, mwalimu mkuu. "Mrudishe nyumbani akue."

"Mwalimu, huyu alizaliwa mwaka wa maporomoko. Wenzake wote umewachukua."

"Mkono haujafika, Mzee Mrutu."

"Nyumbani kuna nani wa kukaa naye?"

"Hilo si la shule."

Mrutu akainua mkono wake mwenyewe, ule uliowahi kuvunjwa na mwamba begani. Ukaishia usawa wa kidevu. "Basi na mimi sijatimiza miaka saba," akasema. "Msaragambo ujao msinihesabu."

Watu wakacheka, lakini mtoto akarudi korongoni.

Mwaka mzima Mrutu alihangaika na ule mkono. Kila jioni aliupaka mafuta ya nyonyo, akauvuta polepole. Akamning'iniza mtoto kwenye tawi la mpera. Nakijwa alivumilia, ila siku moja akasema, "Baba, na wa kushoto uuvute. Nisije nikawa kama kaa wa mtoni."

Siku ya kuandikisha ikafika tena. Safari hii alikuwapo mratibu wa elimu wa kata, mama mmoja mwenye miwani, amekuja kuona kama agizo linatekelezwa. Watoto walipita mmoja mmoja, wanashika masikio, wazazi wanapiga makofi. Ikafika zamu ya Nakijwa. Mkono ulipanda, ukavuka utosi, vidole vikajinyoosha mpaka vikatetemeka. Vikaishia kwenye nywele.

"Bado," alisema Mwalimu Semboja. "Mwakani."

Mrutu hakuondoka. "Mama Mratibu," aliita, "mnapima mkono wa nini? Huyu anakuja kupasua mawe hapa au anakuja kusikiliza?"

"Sasa ulitaka tumpime kwa nini, mzee wangu?"

"Kwa hilo sikio lenyewe. Mtumeni. Mtumeni yeye, na muwatume wawili kati ya hao mliowapigia makofi."

Mratibu akatabasamu, akaona hapa pana mchezo. Akamwita kwanza mtoto wa mwenyekiti, kijana mrefu kama mgomba. "Nenda jikoni. Mwambie mpishi kwamba mratibu amefika, na umwulize uji ukoje. Uniletee jibu." Kijana akaenda, akarudi analamba mwiko.

"Haya, jibu liko wapi?"

Akamwonyesha mwiko.

Wa pili alitumwa, hakurudi. Walimwona nyuma ya darasa anacheza mpira wa matambara.

Nakijwa akaenda mbio, akarudi, akasimama wima na kovu lake juu ya jicho.

"Mama Eliamani amesema shikamoo Mratibu. Amesema uji umeiva, ila ni mwepesi, ukiumimina kikombeni unaona chini. Amesema asilaumiwe yeye. Unga wa watoto umelala nyumbani kwa mwalimu mkuu, na usipoamka, watoto watakunywa maji ya moto mpaka Krismasi." Akavuta pumzi. "Halafu amesema, hilo la mwisho usiseme."

Uwanja wote ukageuka kumtazama Mwalimu Semboja.

"Na mbona umelisema?" Mratibu aliuliza taratibu.

"Baba alinifundisha nilete jibu zima."

Mama Eliamani, mpishi mwenyewe, alikuwa ameshatokeza mlangoni pa jiko, mikono kiunoni. "Limetoka," akasema. "Mimi nililibana mwaka mzima, mtoto kalitoa. Nendeni mkatazame stoo yake."

Mwalimu Semboja akadakia. "Mratibu, huyu ni mtoto mdogo, hajui asemalo! Hata sikio lenyewe hajalishika!"

"Kushika sikio si kusikia, mwalimu," alisema Mrutu. "Mimi nasema nawe tangu mwaka jana. Ya kwako unayashika vizuri sana."

Kicheko kilichopanda pale kilifika mpaka ng'ambo ya bonde. Wazazi wakaenda wenyewe stoo, wakarudi na magunia begani, na siku hiyo uji ulikuwa mzito hata mwiko ukasimama. Nakijwa akaandikwa kabla jua halijageuka. Semboja je? Alihamishwa. Wakubwa hawafukuzani, huhamishana, kama mbuzi mwenye upele anavyotolewa zizi hili akatiwa lile.

Asubuhi ya pili korongoni palikuwa na fujo. Watu wanaitana, hawasikilizani. Kilave akapanda mpaka kwa Mrutu, jasho linamtoka. "Bwana wee, sasa tutatumana na nani?"

"Pigeni kelele tu," alisema Mrutu, na nyundo yake haikutua. "Mjumbe wangu ameanza kazi ya serikali."

Alasiri binti alikuja na sare yenye doa la uji. Mrutu, aliyeishia darasa la pili na herufi akazisahau zote, alimwuliza njiani, "Wamesema nini leo?" Nakijwa akaanzia kwenye kengele ya kwanza, akaleta somo zima mpaka kengele ya mwisho, hakumega. Na baba akasikia. Ikawa hivyo kila jioni, na ndivyo Mrutu alivyojifunza herufi, akalichonga jina la mkewe kwenye jiwe la kaburi, kisha akalisoma kwa macho yake mwenyewe.

Na ule mkono? Ulifika sikioni, sijui lini. Hakuna aliyeona, maana hakuna aliyekuwa akiutazama tena.

Basi, mkimwona mkubwa ameinamisha kichwa, kidole sikioni, anawaitikia "ndiyo, ndiyo, nimewasikia," msikimbilie kupiga makofi. Mtumeni kwanza, mngoje jibu. Kushika sikio si kusikia.