Dua za Ijumaa kwa Bwana Muhsini

Palikuwa na bwana mmoja kule Pemba, Muhsini bin Zahrani, mwenye mikarafuu elfu tatu na watumwa thelathini na saba. Siku moja aliwaamuru watumwa hao wamwombee maisha marefu.

Msicheke bado. Sikilizeni kwanza uzito wa amri hiyo.

Miaka mitano nyuma, bwana huyu, aliyependa sifa kuliko halua, alimwita kadhi barazani kwake akaandikisha hati: siku atakayokufa, watumwa wake wote watakuwa huru. Siku hiyo, si kabla. Hati ikasomwa msikitini. Watu wakasema, "Mashaallah, Muhsini ana huruma." Na huruma hiyo haikumpunguzia hata kikonyo kimoja cha karafuu.

Tangu hapo shamba zima likawa tabibu. Bwana akikohoa, wachumaji huko juu ya mikarafuu walinyamaza, wasikilize kama kikohozi kitaendelea. Asubuhi mpishi alipotoka jikoni aliulizwa:

"Vipi, amekula?"

"Amekula."

"Sana?"

"Ameongeza."

Watu wakainamisha vichwa, wakarudi kazini.

Palikuwa na mchumaji hodari, Feruzi. Alingoja miaka minne. Msimu wa nne tawi lilimkatikia, akaanguka, akafa. Mkewe, Zafarani, alibaki na kamba ambayo Feruzi alivutia matawi. Aliikunja kama marehemu alivyoikunja, mizunguko saba, akaitundika mahali pake. Halafu akaamua jambo moja: yeye hatakufa akingoja.

Mwaka wa tano bwana akaugua. Homa haikushuka, miguu ikavimba hadi magotini. Dawa ziliposhindwa akakumbuka dua. Desturi ya shamba ilikuwa kwamba Ijumaa ni ya watumwa, siku ya kulima vikonde vyao vya muhogo. Bwana akaichukua.

"Ijumaa mtakuja uani, mniombee nipone. Muhogo utangoja."

Wakaja. Bwana alilazwa kitandani barazani, mwalimu wa chuo cha Kurani akasoma dua. "Ewe Mola, mwondolee maradhi." Amina ikatoka nyembamba kama uzi. "Ewe Mola, mrefushie umri." Kimya. Mtu mmoja akapiga chafya.

Bwana akajiinua kwa kiwiko. "Zafarani! Mdomo wako haulali hata siku moja. Leo umekufa?"

"Bado, bwana. Ametangulia mume wangu."

"Basi mbona huitikii? Unaniombea nini?"

"Nakuombea uingie Peponi, bwana."

"Dua njema hiyo," akasema mwalimu.

"Nyamaza, mwalimu! Peponi sitaki!"

Zafarani akawageukia wenzake. "Mmesikia? Bwana hataki Pepo. Tumwombee wapi tena?"

"Naitaka! Lakini si wiki hii!"

"Tuambie ni wiki gani, bwana, tujipange."

Mtu akacheka nyuma ya kisima. Bwana akapiga ngumi ubavuni mwa kitanda.

"Nitaichana ile hati! Nitakuuzeni nyote, mmojammoja, msionane tena!"

Kicheko kikakatika. Mama mmoja akamvuta mwanawe karibu. Zafarani peke yake hakusogea.

"Ichane, bwana. Leo una watu thelathini na saba wanaongoja uende kwa kudra ya Mungu, polepole, bila haraka. Ukiichana watakuwa wamedhulumiwa. Mwalimu, wewe uliyesoma, dua ya aliyedhulumiwa ina pazia kati yake na Mola?"

Mwalimu akautazama mkeka. "Haina pazia."

"Mwalimu!" bwana akalia.

"Bwana, si mimi niliyeyasema. Yamesemwa zamani."

Bwana akajilaza. Akaitazama miguu yake iliyovimba. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Sasa nifanyeje?"

"Uhuru wetu umeuweka ndani ya kaburi lako, bwana. Anayeutafuta hana budi kulichungulia. Utoe humo, uulete hapa uani, uone kama kuna mtu atakayechungulia tena."

"Nikikuacheni huru leo, mtaniombea nipone?"

"Tukiwa huru, bwana, kifo chako kitatufaa nini?"

Bwana akaona hilo ni jibu. Akaagiza kadhi aletwe upesi, kabla uvimbe haujapanda mapajani. Hati ya zamani ikafutwa, mpya ikaandikwa, mashahidi wakatia mikono. Adhana ya alasiri iliwakuta watu thelathini na saba ni huru, na kadhi aliwasomea majina yao mara mbili kwa sababu mara ya kwanza hawakuamini.

Siku ya pili homa ikashuka. Baada ya wiki miguu ikanywea. Ijumaa ya tatu bwana alitoka nje kwa miguu yake, bakora mkononi, akakuta uani hamna mtu. Karafuu zilikuwa zimeiva mitini, hakuna aliyezigusa. Akamchukua mwalimu awe shahidi, wakaenda hadi kikondeni kwa Zafarani. Wakamkuta akifunga mzigo wa muhogo kwa ile kamba ya Feruzi.

"Zafarani! Ijumaa mbili zimepita, na leo ya tatu, uani hapana mtu!"

"Ijumaa ni siku ya muhogo, Bwana Muhsini."

"Nilikuacheni huru ili mniombee. Umeniombea hata mara moja?"

"Wallahi, hata mara moja."

"Mwalimu, shuhudia! Mwanamke huyu amenidhulumu!"

Zafarani akaikaza kamba, akaifunga fundo, akainuka.

"Nimekudhulumu? Miaka mitano nilikuombea kila swala, sikukosa, mpaka ukawa huwezi hata kuketi. Nimeacha Ijumaa tatu tu, tazama unavyotembea. Sasa sema mbele ya shahidi wako: nianze tena?"