Programu Kumi na Moja za Injinia

Mwenye nia ya kulima utamkuta shambani, si dukani kwa wauza majembe. Atashika lililopo, hata kama mpini wake umepinda, na jua likizama utayaona matuta. Mwenzake atalipima hili, atalitia ila lile, atauliza la tatu lilifuliwa wapi, na mvua itampita akiwa bado anauliza. Methali ya mchagua jembe inamsema huyo wa pili, na yaliyompata Injinia na mkewe ni ushahidi tosha.

Injinia alitunza mitambo ya kiwanda cha sabuni. Kwa mambo ya umeme hakuwa na mshindani. Mtambo uliokufa aliusoma kama wengine wanavyosoma gazeti. Mkewe alikuwa fundi cherehani, na chumba cha mbele cha nyumba yao ndicho kilichokuwa duka lake. Majirani walimwita Bi Sindano. Kushona kulikuwa riziki yake, lakini umeme ulikuwa starehe yake. Alianza kwa kuzitengeneza cherehani zake zilipokataa kuzunguka, akaendelea na redio za jirani, mpaka makasha yake ya vifungo yakachanganyika na vipuri vidogo vyenye miguu ya waya.

Jumamosi moja alasiri, shangazi yake Injinia aliingia dukani humo akiwa bado na sare ya kazi. Alikuwa muuguzi mkuu wa wodi ya watoto wachanga, mwanamke wa maneno machache.

"Mwanangu, nimekuja na shida," alisema. "Unayajua yale masanduku ya joto tunamowalaza watoto waliozaliwa kabla ya miezi kutimia. Wiki iliyopita umeme ulikuja kwa kishindo, ukaunguza bodi za ving'ora, vile vibao vyenye vipuri vya umeme, katika masanduku manne. Joto lenyewe lipo, ila likishuka hakuna kinacholia. Tumebaki kuwashika watoto nyayo kila baada ya robo saa."

"Waliowauzia wanasemaje?"

"Wanasema bodi hizo hawazitengenezi tena. Fundi wetu wa hospitali ameniambia, akiletewa bodi nzuri, ataipima na kuifunga yeye mwenyewe."

Injinia hakungoja zaidi. Alivuta karatasi ya kukatia ruwaza kutoka meza ya mkewe na kuanza kuchora: hapa kipima joto, hapa king'ora, hapa betri ya akiba umeme ukikatika. Nusu saa haikutimia, mchoro ukawa tayari. Shangazi aliutazama kama mtu anayetazama barua ya lugha ngeni, lakini uso wake ulikunjuka.

"Kilichobaki," Injinia alisema, "ni kuuingiza huu katika programu ya kompyuta ya kusanifia bodi, ile inayopanga njia za shaba zipite wapi. Tukimaliza, faili linapelekwa karakana ya kuchapisha bodi. Nipe wiki mbili."

"Mungu akuweke, mwanangu."

Jumatatu Injinia alianza kutafuta programu, na hapo ndipo gari lake lilipokwama. Programu zilikuwa kumi na moja. Alizipanga katika jedwali lenye rangi: ipi ya bure na ipi ya kulipia, ipi ina maktaba kubwa ya vipuri, ipi inaonyesha bodi kwa pande zote kama vile umeishika mkononi, ipi inafaa wanaojifunza na ipi inafaa wahandisi. Akasakinisha ya kwanza, akaisifu siku mbili, akaiacha kwa kuwa vitufe vyake vilimchanganya. Ya pili ilihitaji mtandao wakati wote. Ya nne ilikuwa nzito, kompyuta yake ikahema kama mgonjwa wa pumu. Ya saba ilikuwa nzuri kweli, ila bei yake ilikuwa ya makampuni.

Yote aliyoyasema kuhusu programu hizo yalikuwa kweli. Taabu ni kwamba hayakuwa na mwisho.

"Na ile ya tatu ina ubaya gani?" Bi Sindano alimuuliza wiki mbili zilipokwisha.

"Haina ubaya."

"Basi?"

"Kuna toleo jipya la ile ya tisa linatoka mwezi ujao. Watu wanalisifia sana. Kazi ya kuokoa maisha, mke wangu, huifanyi kwa kifaa cha kuokoteza."

"Haya, bwana," mkewe alijibu, akarudi kwenye pindo lake.

Wiki ya tano, saa nane mchana, simu ya Injinia ililia akiwa nyumbani. Alikuwa Shangazi. Bi Sindano aliizima cherehani ili mumewe asikie vizuri, naye akasikia kila neno.

"Sikupigii kukulaumu," Shangazi alisema, na sauti yake ilikuwa nzito. "Leo tumempokea mama wa mapacha, wauguzi wote tukawa tumeshikwa na kazi hiyo. Sanduku moja likapoa. Muuguzi aliyepita kuchukua pamba ndiye aliyemgusa mtoto kwa bahati, akamkuta wa baridi. Tumempasha joto kifuani mwa mama yake hadi akalia. Yuko salama. Nimeona ujue tu."

Injinia aliiweka simu mezani. Kisha akafanya lile alilolizoea: akafungua jedwali lake na kusema, "Leo nakata shauri. Nibakishe tatu, halafu nilinganishe upya."

Bi Sindano aliinuka. Alikwenda ukutani, akaubandua ule mchoro wa karatasi ya ruwaza ambao mumewe aliubandika hapo, akaiwasha kompyuta kuukuu aliyowekea vipimo vya wateja. Katika zile kumi na moja, moja tu ya bure ilikubali kufunguka humo. Basi, ikawa hiyo.

"Hiyo?" Injinia alicheka kidogo. "Hiyo ni ya watoto wa shule."

"Na mimi si nimeanza shule leo?"

Alijifunga kibwebwe. Siku tatu za kwanza zilikuwa za kukosea na kufuta. Kitufe alichodhani cha kuhifadhi kilikuwa cha kugeuza. Alipowapa wateja nguo zao alikuwa na macho mekundu kwa kukosa usingizi. Siku ya nne, kazi ilianza kumtii. Aligundua kwamba kupanga vipuri juu ya bodi hakukuwa mbali na kupanga ruwaza juu ya kitambaa kifupi: unakigeuza kipande hiki, unakisogeza kile, mpaka vyote vienee bila kupandana. Wiki ilipokwisha alituma faili karakanani.

Bodi tano zilirudi, za kijani, zinang'aa. Bi Sindano aliilehemu moja kwa mikono yake, akaunganisha betri. King'ora kilikaa kimya kama jiwe.

Injinia aliichukua ile bodi, akaigeuza mara mbili, akacheka.

"Tundu la kuchomekea kipima joto umeliweka kinyumenyume. Umelichora kama vile unalitazama kwa chini. Si nilikwambia programu ile haifai?"

"Programu haina kosa," Bi Sindano alisema. "Nimekata mikono miwili ya kushoto, hilo limewahi kunitokea hata kwenye kanzu. Wewe umeliona kosa kwa kutupa jicho tu, mimi nimeshinda nalo siku nzima. Sasa kaa hapa unionyeshe njia ya kulirekebisha, kwa sababu kuna watoto wanaoshikwa nyayo."

Kicheko kilimkauka Injinia mdomoni. Alitazama ile bodi mkononi mwake, iliyokosewa lakini ipo, na katika wiki saba alizokuwa nazo yeye hakuwa na hata ya kukosea. Akavuta kiti.

"Sogea kidogo," alisema kwa upole. "Hili tundu ligeuze. Na hii njia ya shaba ya betri iongeze unene, ni nyembamba mno."

Chai waliyomiminiwa na binti yao haikuwahi kupoa, kazi ikawa imekwisha. Wakasema watazame tena yote toka mwanzo, Injinia akisoma mchoro na mkewe akifuata kwa kidole kwenye kioo cha kompyuta, na wakakuta kosa jingine dogo ambalo kila mmoja peke yake alilipita.

Bodi za pili zililia mara tu zilipowashwa. Fundi wa hospitali alizipima siku tatu mfululizo, akishusha joto na kulipandisha, akilinganisha na kipimo chake, na hakuikuta hata moja ikidanganya. Siku ya nne alizifunga. Shangazi alisimama kando ya sanduku tupu, akafungua kifuniko makusudi, akasubiri joto lishuke. King'ora kililia wodi nzima ikageuka. Muuguzi mkuu yule asiyelia ovyo alijifuta macho kwa upindo wa sare yake, akamshika Bi Sindano mkono.

"Mmenipumzisha, wanangu. Sasa naweza kuwa na watoto wote kwa wakati mmoja."

Wakati wanaondoka, fundi wa hospitali aliwafuata mlangoni akipangusa mikono.

"Injinia, samahani. Nami natamani kujifunza kusanifu bodi. Ni mwezi wa tatu huu nasoma mtandaoni, kila mtu anasifia programu yake. Ninyi mlitumia ipi? Ipi ni bora?"

Injinia alimtazama mkewe, kisha akamtazama yule kijana wa watu. Angeweza kumjibu kwa saa mbili.

"Una bodi yoyote unayotaka kuitengeneza?"

"Ipo. Ya pampu ya maji."

"Na kwenye kompyuta yako kuna programu gani sasa hivi?"

Fundi akaitaja.

"Basi hiyo ndiyo bora," Injinia alisema. "Anza leo. Ukikosea, njoo kwa mke wangu, amenitangulia." Wakacheka wote watatu, na fundi akarudi ndani kwa hatua za mtu mwenye kazi ya kufanya, maana mchagua jembe, hata akiyajua majembe yote ya duniani, si mkulima.