Ramani ya Mnana

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa nini?

Pakawa nyumba!

Ya nani?

Tuambie wewe, tumekaa kusikiliza!

Basi kaeni vizuri, na wewe pale acha kusinzia. Hapo zamani za kale wanyama hawakuwa na nyumba ya uzazi. Kila masika kina mama walijifungulia mvuani, na watoto wakafa kwa baridi. Swala alikuwa amezika wawili. Sasa alikuwa na mimba ya tatu, na mawingu yalishaanza kukusanyika.

Akaja Mnana, yule ndege fundi wa nyumba, akamwambia, "Dada, nitawachorea nyumba. Sitaki mtama, sitaki ulezi, sitaki hata asante."

Akawauliza kina mama wanataka nyumba ya namna gani, wakamweleza. Akachukua majivu, akachora ramani chini: hapa mlango, hapa jiko, hapa kina mama walale.

Akatokea Kifaru, mkuu wa nchi. Akaitazama ramani, akaisifu, kisha akaagiza mlango ugeuzwe uelekee kwake, na chumba cha mbele kiwe baraza lake. Mnana akakataa. Akamwambia ramani ni ya kina mama, akawaombe wao.

Kifaru akaikanyaga, ti, ti, ti, ikafutika.

Mnana akachora tena. Kifaru akakanyaga tena, ti, ti, ti. Mnana akachora mara ya tatu, majivu yakaisha katika majiko yote ya nchi ile. Kifaru akakanyaga, ti, ti, ti. Mimi hapo, kusema kweli, ningemparamia.

Mnana hakulia. Akawaita wanyama, akasema, "Majivu yamekwisha, lakini sisi bado tupo."

Akawasimamisha palipokuwa na mistari. Ngiri na wanawe pembe hii, Kobe pembe ile, Pundamilia na nduguze kwenye kuta. Swala akasimama mlangoni.

Kifaru akarudi, akaamuru waondoke. Swala akatanguliza tumbo lake, akamwambia, "Ramani ni sisi, mzee. Ukitaka kuifuta, anza na mimi."

Kifaru akaparua ardhi mara moja. Hakuna aliyesogea. Akaparua mara ya pili. Hakuna aliyesogea. Akaparua mara ya tatu, akaona hata Kobe hajaingiza kichwa gambani. Akageuka, akaenda zake.

Wakachimba mashimo ya nguzo pale pale walipokuwa wamesimama. Mvua ikashuka siku walipomaliza kuezeka. Swala akajifungulia ndani, na mtoto wake akalala mkavu.

Funzo lake ni hili: kitu mkipewa wote, kilindeni wote, na mkubwa akitaka kukigeuza kiwe chake, msimpishe.

Hadithi yangu imekomea hapo. Nami nimewapa bure, na asiyeupenda mwisho wake akajenge wa kwake.