Mgeni Ndani ya Programu ya Chanjo

Ukimlaza mgeni, ulizia kwao. Mmemsikia leo Mbwilo, mkongwe wa ofisi hii, akimwambia mwenzenu hivyo, mkashangaa, maana hapa ofisini hakuna mgeni wala kitanda. Methali hii ilianza hivi.

Alikuwapo mwandishi wa programu aitwaye Gwamaka, kijana makini, mchache wa maneno. Ndiye aliyetengeneza programu ya kulinda vyumba vya baridi vya chanjo katika hospitali za wilaya. Kila chumba kilikuwa na kipimajoto kilichounganishwa na kompyuta. Joto likizidi nyuzi nane, programu ilipiga kengele.

Sasa, mwandishi wa programu haandiki kila kitu mwenyewe. Huchukua vipande vya programu vilivyoandikwa na wengine, wakavitoa bure. Kile cha kuzungumza na vipimajoto, Gwamaka alikipata kwa njia hiyo. Kwa kawaida kipande kama hicho hukaa kwenye kompyuta, na kompyuta ikipata marekebisho, nacho hurekebishwa. Lakini mtandao wa hospitali zile ulikuwa wa kubahatisha. Basi akachukua nakala, akaibadilisha hapa na pale, akaifungia ndani ya programu, ili kila toleo lijengwe nayo tumboni. Ikafanya kazi vizuri. Miaka ikapita, na hakuna aliyeikumbuka.

Asubuhi moja likaja tangazo kutoka kwa wenye kipande: kilikuwa na kasoro. Kipimajoto kikizimika, kipande hakisemi kwamba kimekosa jibu, bali huendelea kurudia namba ya mwisho. Wenyewe walikuwa wamekwisha kukirekebisha. Ambakisye, mkuu wa ofisi, akaagiza kompyuta zikaguliwe. Zote zilikuwa na kipande kipya. Watu wakashusha pumzi, wakaagiza chai.

Gwamaka hakuigusa chai yake. Alifungua programu, akaikuta nakala yake ya zamani vilevile alivyoiacha. Akageukia skrini ya vyumba vya baridi. Vyote vilionyesha nyuzi nne, nyuzi tano. Lakini chumba kilicho hai namba yake huchezacheza. Mlango ukifunguliwa hupanda, ukifungwa hushuka. Ya hospitali ya Ludima ilikuwa haijatikisika tangu jana yake.

Akapiga simu. Ikapokelewa na Sista Subilaga, muuguzi wa chanjo, aliyekuwa akijiandaa kuwapokea kina mama.

"Sista, samahani. Naomba uingie chumba cha chanjo, ukasome kipimajoto cha ukutani."

"Mashine yenu inasema nyuzi nne. Naiona hapa."

"Usiiamini. Kasome kwa macho yako."

Akasikia hatua zake, funguo, mlango mzito ukivutwa.  

"Kumi na tano," Sista akasema.

Ambakisye alisikia yote. Akavuta kiti karibu, akasema kwa sauti ya chini kwamba ni heri waitengeneze programu kwanza kimyakimya, ndipo wawaambie hospitali nyingine. Wakijua sasa, hawatawaamini tena.

"Wasituamini, mkuu," Gwamaka akajibu. "Leo ndiyo siku ya kutotuamini."

Ambakisye akamtazama, kisha akachukua simu yake mwenyewe, akaanza kupiga. Mbwilo naye akapiga. Gwamaka akainamia kazi. Aliitoa nakala ya zamani, akaweka kipande kipya, akaanza kuijenga programu upya. Ujenzi ukakatika katikati. Yale mabadiliko ya hapa na pale yalikuwa yamefungamana na programu nzima, na kipande kipya hakikuyajua. Ikambidi ayafumue moja moja, huku nyuma yake akisikia wenzake wakiuliza, "Kipimajoto cha ukutani kinasemaje?" Kila walipongoja jibu, vidole vyake navyo vilisimama. Hospitali moja zaidi ilikuwa na kipimajoto kilichozimika, ila chumba chake kilikuwa bado baridi. Nyingine zilikuwa salama.

Mchana programu ikajengeka. Mara hii alikiweka kipande kama wenyewe walivyokitoa, bila kukigusa, na akaamuru kila ujenzi uanze kwa kuuliza kwa wenyewe kama kuna habari ya kasoro au marekebisho. Toleo jipya akalituma kote, kisha akapanda gari la ofisi kwenda Ludima.

Alimkuta Sista Subilaga akitenga chupa za chanjo zilizoharibika. Hakumkaribisha kiti. Alimuuliza tu ilikuwaje mashine idanganye. Gwamaka akamweleza bila kujificha: alichukua kazi ya watu, akaifungia ndani ya yake; wenyewe wakaona kasoro, wakaiondoa, wakatangaza; yeye hakurudi hata siku moja kuwauliza.

"Kumbe ulimlaza mgeni," Sista akasema, "wala hukuulizia kwao."

Akaiweka kando chupa ya mwisho.

"Haya, twende nje. Kina mama wengine wameshuka milimani kwa miguu tangu alfajiri. Mimi sitawaambia. Utawaambia wewe."

Akatoka. Akasimama mbele ya mabenchi, watoto wakiwa mapajani na migongoni, akawaambia kwamba chanjo zimeharibika, kosa ni lake, warudi wiki ijayo. Hakuna aliyemtukana. Mama mmoja akamfunga mwanawe upya mgongoni, akaanza kuondoka. Wengine wakamfuata.

Neno hilo la Sista, Gwamaka mwenyewe ndiye aliyelileta ofisini, na kila aliyekuja na kipande cha watu alimwambia hilo kabla ya jingine lolote. Nasi tukalishika. Wala halikatazi kupokea. Asiyepokea wageni atalima peke yake mpaka azeeke. Ila ukimlaza mgeni, ulizia kwao.