Bi Mboza na Siku ya Mafiga

Paukwa!

"Pakawa..."

Ah, hiyo ni pakawa ya watu wenye njaa. Chungu hakijaiva, msinililie. Paukwa!

"Pakawa!"

Naam, hiyo imeiva.

Zamani za kale, bibi za bibi zenu walipokuwa wasichana, palikuwa na kijiji. Jina lake limepotea, na hata likipatikana halitatupikia uji. Mwaka huo mvua iligoma. Ikanguruma kule mbali, ngururu, ngururu, ikapita zake. Mtama ukakauka ungali mfupi kama goti la mtoto. Kuku wakaparura ardhi, paru, paru, paru, wakapata vumbi.

Katika kijiji hicho aliishi bibi mmoja, Bi Mboza. Mfupi, meno machache, maneno mengi. Hakuwa na ng'ombe wala shamba kubwa. Alikuwa na vyungu vitatu, na mwaka wa njaa ukija, vyungu vyake havikulala na njaa. Watu walisema ana dawa. Dawa gani! Alikuwa na macho. Kila kitu ambacho mwingine anakitupa, yeye anakitazama mara ya pili.

Jirani yake alikuwa Zena, mke kijana aliyefiwa na mumewe. Zena alikuwa na watoto wawili: Mshamu, aliyeanza kung'oa meno ya utoto, na Chausiku, aliyekuwa bado anaburuza kanga ya mama yake popote aendapo.

Sasa sikilizeni mila ya watu hao, maana hadithi yote imekaa juu yake.

Mjane akimaliza eda, ndugu za marehemu huja kula kwake. Siku hiyo iliitwa siku ya mafiga. Chakula chote kitoke kwake. Jirani haruhusiwi kumsaidia hata punje ya chumvi, wala kushika mwiko wake. Wageni hula chanoni, lile sinia la mti. Wakibakiza tonge, wanasema: tumeshiba, nyumba hii ina jiko, watoto wakae na mama yao. Wakimaliza chote, chano kikawa cheupe, wanasema: hatukushiba, nyumba hii haina kitu. Na watoto huchukuliwa wakagawanywa kwa baba zao wakubwa na wadogo, mmoja huku, mmoja kule.

Mnaona? Tonge moja la wali, na watoto wawili.

Siku ya mafiga ya Zena ikawadia. Asubuhi akaja wifi yake, Somoe, dada wa marehemu. Yeye ndiye shahidi. Akaweka kigoda mlangoni mwa jiko, akakunja mikono, akakodoa macho ili mtu asipitishe kitu.

Bi Mboza naye akaja na kigoda chake. Akaketi pembeni.

"Bibi, umefuata nini?" Somoe akauliza.

"Nimefuata kivuli."

"Mkono wako usiguse kitu humu."

"Hautagusa." Bi Mboza akaingiza mikono yake yote miwili ndani ya kanga, akaifunga fundo. "Mikono hii hapa. Lakini mdomo, Somoe mwanangu, mila imeufunga mdomo?"

Somoe akafikiri. Mila ilitaja mkono. Mdomo haikuutaja.

"Haya, sema. Maneno hayajazi chungu."

"Tutaona," akasema Bi Mboza.

Zena alikuwa ametoa kila alichokuwa nacho. Mchele wake wote, uliojaa kibakuli kimoja. Kunde kidogo, alizozitia maji tangu jana kwa kuambiwa na Bi Mboza. Nazi moja. Kitunguu kimoja. Chumvi na pilipili kidogo. Boga moja dogo na majani yake. Na tetea mmoja, kuku anayetaga, amefungwa mguu. Kisu kiko mkononi.

"Kisu cha nini?" akauliza Bi Mboza.

"Nimchinje, bibi. Waje waone kuku na wali usio na kunde. Waone sina dhiki."

"Ukimchinja tetea leo, kesho utataga wewe?"

Somoe akacheka bila kutaka. Zena hakucheka. Machozi yalikuwa yamemfika.

"Bibi, wakinichukulia watoto, mayai nitampa nani?"

Jamani, hilo lilikuwa swali la kweli. Bi Mboza akasogeza kigoda karibu. Kisha akasema kwa upole, "Mwanangu, ukipika vyote leo watasema wewe ni mpishi, lakini kesho watoto watalala njaa. Pika cha leo, ufiche cha kesho. Mfungue kuku. Na huo mchele, ugawe nusu, nusu iweke. Weka, mwanangu, weka. Kesho nayo ina tumbo."

Zena akamfungua kuku. Akagawa mchele, nusu akaiweka juu darini.

Akawasha moto. Kuni zilikuwa chache, za kuhesabika. Akateleka kunde, zikaanza: togo, togo, togo. Zilipochemka vizuri, Bi Mboza akasema, "Epua."

"Hazijaiva, bibi!"

"Moto umeshaingia ndani, hautoki haraka. Chukua tenga lako, lijaze nyasi za godoro lako. Kitumbukize chungu humo, na mfuniko wake, kifunike nguo nzito, ukisahau."

"Hakuna kunde zinazoivia kitandani," akasema Somoe.

"Wewe ulilelewa wapi kama si kitandani, ukaiva?"

Zena akacheka. Ndiyo mara ya kwanza kucheka tangu afiwe. Akakilaza, naam, alikilaza chungu chake kama mtoto mgonjwa, na kuni zikabaki kwa kazi nyingine.

Akapasua boga. Akachukua mbegu kwenda kuzitupa jalalani.

"Wee! Unapeleka wapi?"

"Takataka, bibi."

"Kaanga. Ziruke kwenye chungu kikavu, kisha zitwange."

Zena akakaanga mbegu. Ta! Ta! Zikaruka. Akazitwanga kinuni, tu, tu, tu, zikawa unga wenye mafuta. Akayamenya majani ya boga nyuzi zake, akayapika na ule unga, na mboga ikawa nzito kama imetiwa nazi. Na nazi yenyewe ilikuwa haijaguswa. Somoe akanyoosha shingo. Harufu ilimfikia.

Ndipo akakuna nazi, kwaru, kwaru, kwaru. Akachuja tui la kwanza, lile zito. "Weka," akasema Bi Mboza, "hilo litaingia mwisho, kidogo tu, juu." Akachuja la pili, likawa la kupikia wali. Akachuja la tatu, jepesi kama maji ya mchele. Zena akataka kulimwaga.

Bi Mboza alimtazama tu. Zena mwenyewe akasema, "Najua, bibi. Weka. Kesho nayo ina tumbo."

Na machicha? Akayakaanga makavu na chumvi na pilipili, yakawa kitoweo cha kunyunyizia. Kwenye ile nazi kilichotupwa ni kifuu, na kifuu nacho kikaingia motoni.

Kunde zikatolewa kitandani. Laini! Somoe akaijaribu moja kwa vidole, ikapondeka. Zena akazichanganya na ule mchele nusu, akatia tui la pili. Kile chungu cha mchele kidogo kikajaa. Maji yalipokauka akapalia makaa juu ya mfuniko. Mambo yalikuwa yanakwenda, wenzangu. Yalikuwa yanakwenda.

Basi Chausiku, na kanga ya mama yake ile ile, akajikwaa. Pu! Akaangukia jiwe, damu ikatoka mdomoni. Zena akaruka, akambeba, akamwosha, akambembeleza. Mtoto alinyamaza baadaye. Zena akageuka, na pua yake ikamwambia kabla ya macho.

Wali umeungua.

Akachukua mwiko mbio.

"USIKOROGE!" Bi Mboza alisimama. Mikono ikajitupa ndani ya kanga, fundo likakaribia kufunguka. Somoe naye akasimama. Bibi akaketi tena, polepole, akaibana mikono magotini. "Usikoroge, mwanangu. Uchungu uko chini. Ukikoroga utaupandisha juu. Epua. Kiweke chungu juu ya mchanga mbichi, penye maji ya mtungi. Haya. Sasa chota wa juu tu, kwa upole, utie chungu kingine. Ukifika palipo na rangi, acha. Menya kitunguu, kizamishe katikati kikiwa kizima. Funika, kivute moshi."

Zena akafanya. Akasubiri. Akafunua, akaonja. Akafumba macho.

"Vipi?" akauliza Somoe, na ilikuwa sauti ya mtu anayetaka jibu zuri.

"Hausikiki, wifi. Hausikiki kabisa."

"Na huko chini," akasema Bi Mboza, "kuliko na ukoko, kwangua ule mweusi uutupe. Mwekundu umwagie tui la tatu, ufunike. Hicho ni cha watoto."

Jua lilipopinda wakaja wageni. Mbele yao Shebwana, kaka mkubwa wa marehemu, mtu mrefu, mkimya, kofia safi. Nyuma yake wadogo zake. Wakanawa, wakaketi. Zena akaleta chano: wali wa kunde umefanya mlima, tui zito limemiminwa juu, mboga ya majani ubavuni, machicha yamenyunyizwa. Fungu lake mwenyewe alikuwa ameliacha jikoni chini ya kawa, kile kifuniko cha kusukwa, akisema atakula wakishaondoka.

"Karibuni, mashemeji."

"Bismillahi."

Wakala. Wale wadogo wakala kidogo wakanawa, wakasema Alhamdulillahi. Shebwana akaendelea. Akala upande wake. Akala katikati. Mlima ukawa kichuguu. Kichuguu kikawa tambarare. Zena amesimama mlangoni, anafuata ule mkono: chini, juu, chini, juu. Mshamu alikuwa amemshika mama yake kiunoni. Alikuwa mkubwa kiasi cha kuijua mila.

Bado tonge moja.

Mkono wa Shebwana ukashuka. Ukapanda.

Chano cheupe.

Somoe akaweka mkono mdomoni. Akasema kwa sauti ndogo, "Kaka, umefanya nini?" Zena akaketi chini pale pale kizingitini, akawavuta watoto wote wawili mapajani, akawakumbatia, hata kulia hakulia.

Bi Mboza akafungua fundo la kanga. Akaitoa mikono yake, imekufa ganzi. Akaenda akaketi mbele ya Shebwana.

"Mwanangu, kwako mmepika lini?"

Shebwana akainamisha kichwa. Kofia safi, shingo imekonda. Hakuna aliyeiona shingo mpaka hapo.

"Nakuuliza mimi niliyemsaidia mama yako kukuzaa. Kwako mmepika lini?"

"Si leo, bibi," akasema Shebwana. "Wala jana." Na mtu mzima yule akalia mbele ya wadogo zake. "Nilikuja nimenuia kubakiza. Wallahi nilinuia. Nilijiambia, tonge hili la mwisho ni la wanawe ndugu yangu. Mkono ukanikataa."

"Na hawa ungewachukua ukawalisha nini?"

"Sijui. Nikiwaacha, watu watasema nimeitupa damu ya ndugu yangu. Nikiwachukua... sijui, bibi."

Basi Zena akasimama. Akaingia jikoni. Akafunua kawa, akachukua fungu lake, lile alilojiwekea mwenyewe, na yeye tangu asubuhi hajaweka kitu tumboni. Akaja nalo. Akalimimina juu ya chano cheupe, mbele ya shemeji yake.

"Kula, shemeji," akasema. "Kula taratibu. Ukishiba, ubakize."

Shebwana akala. Tonge, akatafuna. Tonge, akatafuna. Machozi na wali pamoja. Likabaki moja. Akaliangalia. Akanawa mikono.

Hapo Somoe ndiye aliyepiga kigelegele. Shahidi mwenyewe! Mshamu akalichukua lile tonge, akamgawia Chausiku nusu, nao wakakimbilia jikoni kwenye ukoko wao. Msiwaulize ulikuwaje. Walikuwa wanalamba vidole mpaka viwiko.

Bi Mboza akamwuliza Shebwana, "Nyumbani kwako kuna nini?"

"Hakuna kitu, bibi. Makopa kidogo. Mbegu za maboga, tunazitupa."

"Mbegu za maboga mnatupa, halafu mnasema hakuna kitu? Mwambie mkeo aje kesho hapa na makopa yake na hizo mbegu zake. Zena atamwonyesha."

Mkewe akaja. Kesho yake wakaja na wengine. Vyungu vilivyokuwa vinajificha kila kimoja kwake, kwa haya, vikakaa kwenye mafiga ya Zena. Mwaka ule mgumu ukapita, na kijiji hakikuzika mtoto kwa njaa.

Bi Mboza alikufa mzee sana. Mila ya siku ya mafiga haikufa, ila ilipata neno jipya. Mgeni akimaliza chano, siku hizo wenyeji hawakukimbilia kuhukumu. Walimsogelea kwanza, wakamwuliza taratibu, "Mwenzetu, ulikula lini?"

Nanyi mkumbuke: aibu ya njaa huua kabla ya njaa yenyewe. Usitupe kabla hujatazama mara mbili. Na mtu pia, usimtupe kabla hujamtazama mara mbili.

Hadithi yangu imeishia papo hapo, nimeiepua. Aliyeshiba na asogee, mwenzake apate pa kukaa.